Nimeirudia The Fellowship of the Ring baada ya miaka ishirini na ushei, na safari hii nimemwona Boromir

Mzawa wa Chumbageni

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auwekee alama arudi usiku. Na ambaye hajaiona filamu wala kusoma kitabu aamue mapema, maana nitasema yote, hadi nani anakufa na anakufaje.

Mara ya kwanza niliiona mwaka 2003 kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Tanga: mabenchi ya mbao, TV juu ya kabati, diski inakwama kila Gandalf akifungua mdomo. Nilikuwa na miaka 18. Nilichobaki nacho kichwani ni mapango ya Moria, lile dubwana la moto darajani, na maorki, wale askari wa adui wenye sura za kutisha, wakiteremka kwenye nguzo kama siafu. Na nilitoka mle nikiwa nimemchukia mtu mmoja. Siyo Sauron, siyo Saruman mshirika wake. Boromir. Sauron ni adui, mwenye ile Pete ya nguvu ambayo Frodo, mhobiti, yaani mmoja wa wale watu wafupi, anaipeleka ikaangamizwe; anajulikana alipo. Boromir alikuwa ndani, kwenye kundi linalomsindikiza Frodo, anakula chungu kimoja na wenzake. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo tulivyosema njia nzima kurudi nyumbani.

Kitabu nilikipata baadaye kwa muuza vitabu vya mitumba, hakina jalada, kurasa za mwisho zimelowa. Tangu hapo nimekisoma mara tatu. Lakini filamu sikuirudia kwa utulivu mpaka mwezi uliopita, baba alipokuja kukaa kwangu Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki yake ya moyo. Jioni zilikuwa ndefu. Taarifa ya habari ikiisha, mzee anakaa tu. Nikamwekea toleo refu, lile la karibu saa tatu na nusu, tukaligawa jioni tatu, nikawa namtafsiria sentensi baada ya sentensi. Kiingereza chake ni cha kazi ya bandarini, hakifiki huko.

Wakuu, filamu unayodhani unaijua, mtafsirie mzazi wako. Ukiwa peke yako unaziruka sentensi, unasubiri upanga. Ukiwa na mtu pembeni anayeuliza "kasemaje?", kila neno linapita mdomoni mwako.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa Gandalf. Baba akauliza huyu mzee ni nani, nikasema mchawi. Akakunja uso palepale, na ana haki: kwetu mchawi ni mtu wa kuroga, hakuna mchawi anayewarushia watoto fataki wakamshangilia. Mganga nayo haikukaa. Mwishowe tukakubaliana aitwe Mzee Gandalf, mtu mwenye elimu kubwa, ikatosha.

Kwa Boromir nilipata neno zuri zaidi. Ukoo wake si wafalme. Wanashika kiti mpaka mfalme arudi, baba kwa mwana, karne kwa karne. Tunalo neno hilo: kaimu. Baba yake ni kaimu wa Gondor, ufalme wa watu wake. Mzee akaelewa mara moja, akasema, "Kaimu akikaa sana husahau kwamba kiti si chake." Na ile pembe anayoivaa ubavuni nikamwambia aifikirie kama siwa ya Pate au Lamu, kitu cha ukoo, hakipulizwi ovyo. Tangu hapo kila Boromir akitokea baba akawa anamwita "yule wa siwa".

Nitakuja kwake. Kwanza niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa wale wadogo waliokuta filamu hizi zipo tayari.

Aliyeandika hadithi ni J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford, bingwa wa lugha za kale za Kiingereza. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892, akapelekwa Uingereza akiwa na miaka mitatu. Kitabu kilitoka kwa mafungu matatu, mwaka 1954 na 1955. Peter Jackson wa New Zealand ndiye aliyekigeuza filamu, akiandika pamoja na Fran Walsh na Philippa Boyens. Kampuni moja ya mwanzo ilitaka hadithi nzima iminywe iwe filamu moja. Wakahamia New Line, wakaruhusiwa tatu, na wakazipiga zote kwa mkupuo, Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, siku 274 za kamera. Fikiria mzigo huo: ya kwanza haijaonyeshwa kwa mtu yeyote, hujui kama watu wataipenda, na tayari umeshapiga mwisho wa ya tatu. Ya kwanza ilitoka Desemba 2001, ikatajwa kwenye tuzo 13 za Oscar, ikachukua nne.

Naendelea baadaye, mzee anaita.

Dereva wa Usiku

Mkuu, nimekaa mkao wa kula. Swali langu ni la siku nyingi: wale wafupi waliwafanyaje? Elijah Wood ni mtu wa kawaida, lakini kwenye filamu anamfikia Gandalf kifuani. Miaka yote najua ni kompyuta tupu.

Mzawa wa Chumbageni

Mkuu Dereva, kompyuta ilichangia, lakini sehemu kubwa ni ufundi wa macho, na hapa ndipo nilipomsimamishia baba filamu mara nyingi kumwonyesha.

Ile safari ya mkokoteni mwanzoni, Frodo na Gandalf wameketi bega kwa bega. Hawakuketi bega kwa bega. Mkokoteni ulitengenezwa hivi kwamba Frodo yuko nyuma zaidi ya Gandalf, mbali na kamera, ndiyo maana anaonekana mdogo. Kwa sababu kamera imewekwa sawasawa, jicho lako linaapa kwamba wako benchi moja. Ugumu ni kwamba kamera ikisogea tu, uongo unafichuka. Wale mafundi wakalitatua hilo pia: Gandalf akiwa mezani kwa Bilbo, ndugu mzee wa Frodo, kamera inapotembea, meza na kiti cha mmoja vinatembea nayo, ili uwiano usivunjike. Nyumba ya Bilbo ilijengwa mara mbili, moja kubwa ya wale wafupi waonekane wafupi, moja ndogo ya Gandalf aonekane mrefu. Ian McKellen alijigonga kichwa kwenye boriti ya ile ndogo bila kupanga, wakaiacha.

Na sasa jambo ambalo sikulijua nikiwa kijana, na lililomfanya baba akae wima. Kwenye picha za mbali au za mgongoni, mwenye nguo za Frodo mara nyingi siye Elijah Wood. Ni Kiran Shah, mwenye kimo cha sentimita 126 hivi, mcheza michezo ya hatari aliyezaliwa Nairobi mwaka 1956. Mtoto wa Nairobi ndiye anayepanda milima ya New Zealand mle ndani akiwa Frodo. Jina lake liko kwenye orodha ya mwisho ambayo kwenye kibanda umiza hatukuwahi kuiona hata siku moja, maana mwenye kibanda alikuwa anazima kuweka nyingine.

Wa pili ni Gimli, yule mfupi wa shoka. John Rhys-Davies, aliyemcheza, ni mrefu kuliko wenzake wengi, sentimita 185, na urefu huo uliwasaidia: akisimama na wale wahobiti wanne uwiano wao unatoka sawa, kwa hiyo watano wote wanapigwa kwa pamoja kisha wanafupishwa kwa pamoja. Ngozi yake ilikuwa inavimba machoni kwa sababu ya ile gundi ya sura ya bandia. Na mtu huyu sehemu ya utoto wake aliishi Tanganyika, baba yake akiwa afisa wa serikali ya kikoloni. Baba akauliza kama anajua Kiswahili. Sikuwa na jibu.

Vazi la vyuma la askari lenyewe si chuma. Ni vipande vya bomba la plastiki vilivyokatwa na kuunganishwa kimoja kimoja kwa mkono, mamilioni. Sitamaliza nikianza huko.

Kalamu Nyeusi

Mzawa, naheshimu kazi ya mikono, lakini naomba tuseme na ukweli wa upande wa pili. Waliosoma kitabu tuliumizwa. Tom Bombadil hayupo. Makaburi ya kale yenye mizimu hayapo. Glorfindel, shujaa wa Waelfu, kaondolewa, kazi yake ya kumwokoa Frodo mtoni kapewa Arwen, binti wa Kielfu. Christopher Tolkien, mtoto wa mwandishi aliyetumia maisha yake yote kuhariri karatasi za baba yake, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba kitabu kimetolewa matumbo, kikafanywa filamu ya mapigano ya vijana. Huyo si mtu wa kupuuzwa. Wewe umekisoma mara tatu, hukuumia?

Mzawa wa Chumbageni

Niliumia, ndugu yangu, na bado. Lakini siyo pale unapoumia wewe.

Bombadil nilimlilia zamani. Sasa naona filamu haikuwa na pa kumweka: mtu asiyeguswa na Pete, anayeirusha juu kama sarafu na kuicheka, angetokea saa ya kwanza akafanya Pete ionekane kitu chepesi, na filamu ilikuwa bado inatufundisha kuiogopa. Makaburi yana hasara zaidi, kwa sababu upanga wa Merry, mhobiti rafiki wa Frodo, unatoka humo, na kwenye kitabu ndio upanga ule uliofuliwa na watu wa kale dhidi ya yule bwana wa Wapanda Farasi Weusi, watumishi tisa wa Sauron. Kwenye filamu Aragorn, mrithi wa kile kiti cha Gondor, anawatupia tu visu kilimani. Mnyororo wa miaka elfu umekatika, na kijana wa kibandani hawezi kujua.

Kuhusu Arwen, mimi sina ugomvi naye. Ninacholilia pale mtoni ni Frodo. Kwenye kitabu amewekwa juu ya farasi wa Glorfindel, yuko peke yake, amechomwa, anaelekea kufa, na bado anageuka ng'ambo ya mto, anainua upanga wake na kuwaambia wale tisa kwamba hawatampata. Kwenye filamu amebebwa kama kifurushi, Arwen ndiye anayesema. Wamempa Arwen ujasiri kwa kumpokonya Frodo wake. Wangeweza kuwapa wote wawili.

Lakini donda langu ni jingine, na naomba nilieleze taratibu.

Kwenye kitabu, kati ya sherehe ya Bilbo na siku Frodo anaondoka nyumbani, kuna miaka 17. Bilbo anatimiza miaka 111, Frodo anatimiza 33, kisha Frodo anaishi mle ndani na Pete mfukoni hadi anafika 50. Anauza nyumba. Anaiuza kwa ndugu wale wale waliokuwa wakiitamani kila siku, anawaambia majirani kwamba anahamia mashambani tu, anakula chakula cha mwisho kwenye chumba kitupu. Mwenye kuhama kwao anajua. Filamu inatupa usiku mmoja. Gandalf anaenda kusoma karatasi za kale, anarudi, "iko salama?", na Frodo anafunga mzigo.

Halafu marafiki. Hapa ndipo ninaposhindwa kuisamehe. Kwenye filamu Merry na Pippin, wahobiti wenzake Frodo, wanaingia safarini kwa bahati: wametoka kuiba mboga shambani, wanamgonga Frodo, wanateremka naye mteremko. Nilipokuwa kijana nilicheka. Kwenye kitabu hawa wawili walikuwa wanajua. Frodo amejificha miezi, anajiandaa kuwaaga kwa uongo, anawaonea huruma, na usiku ule Merry anamwambia: tumekuwa tukikuchunga siku zote, tunajua kuhusu Pete, tunajua unakokwenda, na tunakwenda nawe. Sam, mtunza bustani wa Frodo, ndiye aliyekuwa akiwaletea habari. Wamekwisha fungasha. Wanamwambia anaweza kuwaamini kwa siri yoyote, ila asiwaamini kwamba watamwacha apambane na balaa peke yake kisha aondoke bila neno.

Tolkien alikuwa Somme mwaka 1916. Aliandika mwenyewe kwamba ilipofika 1918, marafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja. Mtu wa namna hiyo akikaa miaka ishirini baadaye na kuandika sura nzima ya vijana wanaokataa kumwacha mwenzao, sura hiyo ni kiungo cha mwili. Wamekikata, wakaweka karoti.

Kwa hiyo Kalamu, hatuko mbali mimi na wewe.

Mama Naila

Kaka Mzawa, nimesoma yote mpaka hapa na chai yangu imepoa. Lakini uliahidi Boromir kwenye kichwa cha uzi. Mimi nilimlilia tangu siku ya kwanza, nikachekwa na kaka zangu. Tuambie umeona nini.

Mzawa wa Chumbageni

Dada, wewe ulituzidi macho.

Nianze na kwamba Jackson na wenzake walifanya jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, linalipa nusu ya deni la Merry na Pippin. Kwenye kitabu fungu la kwanza linaishia Frodo na Sam wakivuka mto. Kifo cha Boromir kinafungua fungu la pili, na vita yake hatuioni kabisa. Aragorn anasikia siwa, anakimbia, anamkuta ameegemea mti, mishale mwilini, upanga umevunjika, siwa imepasuka vipande viwili, maorki wamelala kumzunguka. Yuko hai kwa maneno machache tu. Filamu ikachukua ukurasa ule ikauleta nyuma, ikaufanya mwisho, na ikatuonyesha yote. Na kwa kuwa ndipo wanapokwenda, wakaanza kumjenga tangu anapoingia.

Hebu mfuate mtu huyu peke yake. Anaingia Rivendell, makao ya Waelfu ambako safari inapangwa, anashika kile kipande cha upanga wa kale wa wafalme, kinamkata kidole, anaona Aragorn anamtazama, anaona haya, kinamponyoka chini, anaondoka bila kukiokota. Aragorn anakiokota. Yote yajayo yako hapo. Barazani anasema kwamba ni damu ya watu wake inayofanya nchi za hawa wengine zilale salama, na kila mtu anamwona mjeuri. Nilipomtafsiria baba sentensi hiyo akasema, "Si ni kweli?" Ni kweli. Kati ya wote walioketi pale, ni yeye ambaye mji wake unashambuliwa kila siku. Kwenye kitabu amesafiri siku 110 peke yake kufika pale.

Kisha tazama anavyowalea wale vijana. Anawafundisha Merry na Pippin kushika upanga, anampiga mmoja mkononi kwa bahati mbaya, anaomba radhi, wanamrukia wanamwangusha, anacheka. Kwenye theluji ya mlima Caradhras, kitabuni, ni yeye aliyeshauri kila mtu abebe mzigo wa kuni, na kuni hizo ndizo zilizowapitisha usiku. Ni yeye anayetangulia kulima theluji kwa kifua chake, akarudi kuwabeba. Baada ya Gandalf kuanguka Moria, Aragorn anaamuru watu wainuke waondoke, na Boromir ndiye anayemsihi awape kitambo, kwa huruma tu. Wamelala juu ya mawe wanalia. Yeye amemkumbatia Gimli asirudi ndani.

Na pale pale Caradhras filamu imeweka kitu ambacho hakimo kitabuni. Frodo anateleza, Pete inabaki kwenye theluji, Boromir anaiokota kwa mkufu wake. Anaitazama. Anasema ni ajabu mtu kupata hofu nyingi namna hii kwa kitu kidogo namna hii. Anairudisha, anamsugua Frodo kichwani kama mtoto, anaondoka. Mtazame Aragorn nyuma yake: mkono uko kwenye mpini wa upanga, na ndipo unaachia. Kibandani hatukuona hilo, TV ilikuwa ndogo.

Sean Bean anamcheza kama mtu asiyepata usingizi. Huko Lothlórien, msitu wa Waelfu, anakaa na Aragorn, anamwambia kuhusu baba yake, kwamba ni mtu mtukufu lakini utawala unamshinda, na watu wanapoteza imani, na baba anamtazamia yeye, mwanawe, arekebishe. Nilipofika kwenye sentensi hiyo sauti yangu ilibadilika kidogo. Baba hakusema kitu.

Sasa niseme la kwangu, na sijawahi kuliandika popote.

Mimi ni kifungua mimba. Mwaka 2016 nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, watu 22, wengi wao mama wauza samaki na mboga. Baba akaanza kuumwa moyo. Nilichukua fedha za kikundi, shilingi milioni moja na laki nane, kwa nia ya kuzirudisha kabla ya mgao wa Desemba. Sikujiona mwizi. Nilijiambia fedha zimelala tu, na kuna mtu anakufa. Mama mmoja mjane akagundua hesabu haikai. Akanifuata nyumbani kwa upole, akaniuliza kwa upole. Nikamfokea. Nikamwambia hajui uchungu, kwamba yeye ana shida ndogo ndogo. Mama wa umri wa mama yangu, ndani ya nyumba yangu, fedha yake mwenyewe. Alitoka bila kugeuka nyuma, na mimi nikakaa chini mlangoni nikajua nimefanya nini.

Ndiyo maana pale kwenye kilima cha Amon Hen, Boromir akiwa anaokota kuni na kuanza kuongea na Frodo taratibu, mimi nilijua kila neno kabla halijafika. Anaanza na upole. Anasema yeye anaomba tu nguvu ya kuwalinda watu wake. Anasogea. Frodo anarudi nyuma hatua moja, na ile hatua moja ndiyo inayomvunja. Kisha fujo, kisha anaanguka, anatulia, anaita jina la Frodo na kuomba msamaha kwa mtu ambaye hayupo.

Niliacha kutafsiri. Baba akasema, "Mbona umenyamaza? Anasemaje?"

Nikamwambia, "Anasema amefanya nini. Anaomba samahani. Anamwita arudi."

"Na yule mdogo harudi?"

"Harudi, baba."

Kisha ile vita. Anapiga siwa na hakuna anayewahi. Mshale wa kwanza, anapiga magoti, anawaona Merry na Pippin wamesimama wameduwaa, anainuka. Wa pili. Anainuka. Wa tatu. Hata akiwa magotini hajaachia upanga. Wale vijana wanachukuliwa, wanapita pembeni yake, na anawatazama wakienda. Hilo la mwisho linanishinda kuliko mishale.

Aragorn anafika. Boromir anamwambia alijaribu kuichukua. Kwenye kitabu Aragorn anamjibu kwamba la, ameshinda, na wachache wamewahi kupata ushindi kama ule. Kwenye filamu anamwahidi kwamba mji mweupe wa Gondor hautaanguka, anasema "watu wetu", na Boromir analishika neno hilo, "wetu", analirudia. Anamwita ndugu, kapteni, mfalme.

Nami nililipa, wakuu. Miezi 14. Siku nilipomaliza yule mama alikuwa mwenyekiti. Akahesabu, akaandika kwenye daftari, akasogea kwenye mkeka, akasema, "Kaa." Basi.

Dereva wa Usiku

Mkuu, niko kituoni nasubiri abiria na nimeshindwa kuandika kwa muda. Asante kwa kutuamini.

Kalamu Nyeusi

Mzawa, nimerudi kwenye kitabu usiku huu kwa ajili yako. Kuna tofauti moja naomba uitazame. Kwenye kitabu, ndoto ya kwenda Rivendell ilimjia mdogo wake, Faramir, mara nyingi, na Boromir mara moja tu. Boromir ndiye aliyejitwika safari kwa kuwa njia ilikuwa ya hatari, na baba yao alimruhusu kwa shingo upande. Filamu ya pili, toleo refu, imegeuza: baba ndiye anayemtuma, na anamtuma akailete Pete. Mimi nimekuwa nikilihesabu hilo kama kosa. Baada ya kusoma maelezo yako sina hakika tena.

Na jambo dogo. Umeona vikinga vya mikono? Vile vya ngozi vyenye mti mweupe. Ni vya Boromir. Baada ya kifo Aragorn anavivaa, na anaendelea navyo kwenye filamu zinazofuata. Hakuna anayetamka neno.

Mzawa wa Chumbageni

Kalamu, nimerudisha nyuma sasa hivi. Ni kweli. Anavifunga taratibu akiwa amesimama ukingoni mwa mto, huku Legolas, mwenzao Mwelfu, anataka wawafuate akina Frodo. Mara zote nilikuwa natazama mashua.

Kuhusu kutumwa na kujituma: kwangu mimi hakuna aliyenituma. Baba alikuwa kitandani, hakujua hata bili ni kiasi gani. Kwa hiyo kitabu kiko karibu nami zaidi kuliko filamu hapo. Lakini naelewa kwa nini filamu ilimweka baba mlangoni.

Mama Naila

Kaka, samahani kama naingilia. Mzee anajua?

Mzawa wa Chumbageni

Hajui, dada. Alidhani ni mkopo wa kazini.

Jioni ile filamu ilipoisha alikaa kimya mpaka majina yote yakapita, na safari hii sikuzima, kwa ajili ya Kiran Shah. Kisha akauliza, "Huyu wa siwa, baba yake tutamwona?"

Nikamwambia tutamwona.

"Atajua mwanawe alifanya nini?"

Nikamwambia atajua kipande, si chote. Akatikisa kichwa, akaomba maji ya kumezea dawa.

Jumamosi tunaanza ya pili. Kile kipande alichokitaja Kalamu, cha baba na mwana kwenye mji uliokombolewa, kimo kwenye toleo letu. Nimepanga kusimamisha hapo.